Simu moja, darasa zima: wapi pa kupata masomo ya lugha za kigeni na namna ya kuyatumia

Mtoto anayesoma shule ya msingi ya serikali katika kata ya Mahege, wilayani Kibiti, hufundishwa hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza, karibu masomo yote hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Katika nyumba nyingi za Kibiti na delta ya Rufiji watu huzungumza Kindengereko na Kiswahili, hivyo Kiingereza ni lugha ya tatu kwa mtoto. Haisikii gulioni, shambani wala kwenye mtumbwi. Kama darasani nako kazi ni kunakili ubaoni tu, anaweza kufika sekondari bila kuwahi kutunga sentensi yake mwenyewe kwa mdomo. Hapo hata mwenye akili nzuri ya hesabu huanza kubaki nyuma, kwa sababu swali lenyewe halielewi.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeanzisha Kiingereza tangu darasa la kwanza, na umeweka Kifaransa, Kiarabu na Kichina kuwa masomo ya kuchagua katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Lakini mwalimu wa kijijini atapata wapi sauti, hadithi na mazoezi ya kufundishia? Vingi vipo mtandaoni bila malipo. Katika makala haya tunaeleza vinapatikana wapi, vinafikaje darasani pale mtandao unaposumbua, na michezo gani inawafanya watoto waseme.

Wapi pa kutafuta

Anza na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), kwa sababu ndiyo inayoandaa mitaala na vitabu vya kiada. Tovuti yake ni tie.go.tz, na humo utapata njia ya kuingia Maktaba Mtandao, ambako vitabu vya shule husomwa bure. Chochote utakachokipata kwingine, kilinganishe kwanza na mada iliyo katika kitabu cha TET.

Kwa hadithi, tafuta African Storybook (africanstorybook.org), mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini. Una hadithi fupi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, kikiwemo Kiswahili, na pia kwa Kiingereza na Kifaransa. Hadithi nyingi zipo kwa Kiswahili na Kiingereza, hivyo darasa linaweza kuielewa hadithi kwanza kwa Kiswahili, kisha likaisoma kwa Kiingereza. Unaruhusiwa kuzipakua na kuzichapisha.

Kwa mbinu za kufundishia, TESSA (tessafrica.net), iliyoanzishwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika, ina moduli za walimu wa shule za msingi, nyingine zikiwa kwa Kiswahili. British Council nao wana tovuti iitwayo TeachingEnglish yenye mipango ya vipindi.

Kwa sauti za Kiingereza, BBC, ambayo imekuwa ikifundisha lugha hiyo kwa redio tangu 1943, ina ukurasa wa BBC Learning English. Kipindi chake cha 6 Minute English huja pamoja na maandishi yake, na kinawafaa zaidi walimu na wanafunzi wa sekondari.

Kwa Kifaransa, RFI hutoa habari kwa lugha nyepesi pamoja na maandishi, na TV5MONDE ina mazoezi tangu ngazi ya mwanzo kabisa. Kwa Kiarabu, Al Jazeera ina masomo yake. Mtoto aliyepita madrasa huwa tayari anazijua herufi, hivyo mwalimu anaweza kuanza moja kwa moja na maana ya maneno na mazungumzo.

Pakua penye mtandao, fundisha pasipo na mtandao

Kutegemea mtandao katikati ya kipindi ni hatari. Ukikatika, dakika zinapotea na watoto wanaanza kelele. Fanya kazi ya mtandao kabla, ukiwa Kibiti mjini au popote unapokamata vizuri.

Chagua sauti na maandishi kabla ya video. Sauti ya dakika 6 kwa kiwango cha kawaida ni takribani MB 6, wakati video ya muda huo huo inaweza kula bando mara kadhaa zaidi. Hadithi moja ya picha huwa nyepesi pia. Ukishapakua, wape walimu wenzako kwa bluetooth au memori kadi, bila kutumia bando tena.

Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuja na simu, kwa hiyo simu ni ya mwalimu peke yake, na sauti yake ni ndogo kwa darasa kubwa. Redio ndogo zenye tundu la memori kadi, zile zinazochajiwa kwa sola, zinasaidia sana hapa.

Tahadhari moja kuhusu programu za kutafsiri. Andika neno "kaa" peke yake, na programu inaweza kukupa kaa wa kwenye mikoko, kaa la moto, au amri ya kuketi. Usimpe mtoto tafsiri ambayo hujaihakiki kwenye kamusi.

Kusikiliza tu hakutoshi

Kenya ilijaribu kufundisha Kiingereza kwa redio katika shule za vijijini kati ya 1980 na 1985, kwa darasa la kwanza hadi la tatu. Kila kipindi kilikuwa cha nusu saa. Redio iliuliza, ikanyamaza kidogo, watoto wakajibu kwa sauti, kisha ikaendelea, huku mwalimu akiwaongoza. Mwalimu mwenye simu anaweza kufanya hivyo hivyo: cheza sentensi moja, simamisha, watoto wajibu, endelea.

Michezo minne isiyohitaji fedha

Sikia utende. Mwalimu anatoa amri fupi kwa Kiingereza: "Stand up", "Touch the wall", "Row the boat". Watoto wanatenda bila kusema. Baada ya siku chache, mtoto mmoja anakuwa mtoa amri. Mbinu hii ilienezwa na mwanasaikolojia Mmarekani James Asher, na inawafaa wadogo na wenye haya.

Gulio. Nusu ya darasa ni wauzaji, nusu ni wanunuzi. Bidhaa ni zile wanazozijua: kambamiti, nazi, korosho, mchele. Wanauliza bei na kupatana kwa Kiingereza. Somo ulilopakua likizungumzia treni ya chini ya ardhi ya London, badilisha liwe safari ya boti kutoka Nyamisati kwenda Mafia. Sarufi inabaki ile ile.

Chora ninachosema. Watoto wanakaa wawili wawili wakipeana migongo. Mmoja anaeleza picha, mwingine anachora kwenye daftari au mchangani. Mwisho wanalinganisha.

Imla ya mbio. Bandika ukutani aya moja fupi. Kila kundi la watoto wanne lina mkimbiaji, ambaye anakwenda kusoma sentensi, anarudi na kuwatajia wenzake waandike. Karatasi moja inatosha darasa zima, na kila mtoto anasoma, anasema, anasikia au anaandika.

Katika darasa la watoto wengi, michezo hii huleta kelele. Mwalimu mkuu aelezwe mapema kwamba kelele hiyo ni ya kazi. Mtoto akikosea, mwache amalize sentensi yake, kisha rudia sentensi hiyo kwa usahihi. Akikatizwa kila neno, ataacha kusema.

Mzazi naye ana nafasi

Mzazi asiyejua Kiingereza bado anaweza kusaidia. Jioni, mpe mtoto simu kwa dakika kumi asikilize hadithi aliyopewa na mwalimu, kisha mwambie akueleze kwa Kiswahili ameelewa nini. Asipoweza kueleza, asikilize tena. Kaa karibu naye, ili simu isihamie kwenye michezo na video nyingine.

Kwa mwalimu anayetaka kuanza wiki hii, tunapendekeza mzigo mdogo: hadithi moja, sauti moja na mchezo mmoja. Virudieni mpaka watoto waweze kusimulia hadithi hiyo bila kutazama karatasi, ndipo mpakue nyingine.