Kwa nini picha kubwa hukwamisha kivinjari kwenye kompyuta ya Linux?

Unafungua ukurasa wenye picha kubwa. Kishale cha mausi kinarukaruka, dirisha halisogei na feni ya kompyuta inavuma. Wengi hulaumu intaneti, lakini mara nyingi intaneti imekwishamaliza kazi yake. Tatizo limo ndani ya kompyuta.

Faili ndogo, picha kubwa

Picha ya JPEG huhifadhiwa ikiwa imebanwa, kama nguo zilizoshindiliwa kwenye begi. Ili kuionyesha, kivinjari kama Firefox au Chrome lazima kiikunjue, na kwa kawaida kila pikseli huchukua baiti 4 za kumbukumbu ya RAM. Picha ya kamera yenye pikseli 6,000 kwa 4,000 inaweza kuwa na megabaiti 8 tu kwenye diski, lakini ikikunjuliwa yote hufika megabaiti 96.

Mfano mkubwa zaidi ni picha ya galaksi ya Andromeda iliyopigwa na darubini ya Hubble na kutolewa Januari 2015. Ina pikseli 69,536 kwa 22,230. Kwa hesabu hiyohiyo, inahitaji zaidi ya gigabaiti 6, wakati kompyuta nyingi za zamani zina RAM ya gigabaiti 4.

Vivinjari hujaribu kuokoa nafasi kwa kutupa picha zisizoonekana kwenye skrini. Ukirudi juu ya ukurasa, kazi ya kukunjua huanza upya. Ndiyo maana ukurasa hukwamakwama unapoupandisha na kuushusha.

Linux ina nini cha pekee?

Windows na Mac nazo hukumbwa na tatizo hili. Lakini kompyuta nyingi za Linux zilitegemea kwa miaka mingi X Window System, mfumo ulioanzishwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984. Humo, programu hutuma michoro kwa seva inayosimamia skrini. Vivinjari vya zamani vilihifadhi picha kwenye seva hiyo, hivyo aliyechunguza matumizi ya RAM aliona Xorg ikivimba huku kivinjari kikionekana hakina hatia. Wayland, mradi ulioanza 2008, ulipunguza mizunguko hiyo.

Sababu ya pili ni kadi ya michoro. Kivinjari kisipoiamini draiva yake, huiacha kadi na kuitwisha prosesa kazi yote.

RAM ikijaa

Linux huhamishia sehemu ya data kwenye diski, katika eneo liitwalo swapu. Diski ni ya polepole mno kuliko RAM, na hapo ndipo skrini huganda. Nafasi ikikosekana kabisa, mfumo huchagua programu moja na kuiua ili nyingine zipone. Ripoti uliyokuwa ukiiandika bila kuihifadhi inaweza kupotea.

Ufanye nini?

- Hifadhi kazi yako kabla ya kufungua picha kubwa, na funga kurasa usizozihitaji.
- Tumia amri ya top kuona ni programu gani inayokula RAM.
- Katika Firefox, andika about:support na utazame sehemu ya michoro. Ukiona neno Software kando ya WebRender, kadi yako haitumiki, sasisha draiva.
- Picha kubwa sana ipakue, kisha ifungue kwa programu inayoisoma vipande vipande, kama vipsdisp.

Dawa kubwa zaidi iko kwa wenye tovuti. Picha ikipunguzwa hadi pikseli 1,200 kwa 800 kabla ya kuwekwa mtandaoni, huhitaji RAM isiyofika megabaiti 4, yaani mara 25 pungufu ya ile ya kamera. Kwenye ukurasa wa habari msomaji haoni tofauti kubwa, lakini kompyuta yake huiona.