Hatua 16 na Sauti ya Mlima Meru

Mwaka juzi niliketi katika jopo la kusikiliza mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wa shahada ya uzamili. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Kijenge hapa Arusha, alitaka kuandika historia ya watengenezaji wa midundo wa mji huu tangu miaka ya 1990. Hakuwataka waimbaji, ambao magazeti yamekwisha kuwaandika vya kutosha. Alitaka wale wanaokaa upande wa pili wa kioo, mbele ya kompyuta. Swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa moja: vyanzo viko wapi? Akajibu kwamba viko ndani ya kompyuta za watu. Jopo likacheka, na pendekezo likakataliwa. Mimi sikucheka, lakini sikusema neno pia, na ukimya ule umenisumbua kuliko makosa mengi niliyowahi kuyafanya darasani.

Nataka leo kusema nilichopaswa kusema siku ile.

Nianze na chombo chenyewe, maana sisi wa maofisini huwa tunakitaja kwa dharau: "muziki wa kompyuta", kana kwamba kompyuta ndiyo inayotunga. Sikwensa ni mtambo, au programu, inayopanga milio kwa mfuatano. Muda hugawanywa katika visehemu vilivyo sawa, kwa desturi 16. Ukikiwasha kisehemu, ngoma inalia, ukikizima, inanyamaza, safu ikifika mwisho inarudi mwanzo. Kampuni ya Roland ya Japani iliuza mashine za namna hiyo, na TR-808 ya mwaka 1980 ndiyo iliyopata sifa kubwa zaidi. Lakini ilikuwa mali ya mwenye fedha. Mlango ulifunguka kwetu baada ya mwaka 1997, kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilipotoa programu ya FruityLoops, ambayo leo huitwa FL Studio, na kuiweka safu ile ya vibonye 16 ndani ya kompyuta ya kawaida. Ikasambaa Afrika Mashariki kwa mkono, kutoka diski hadi diski, mara nyingi bila mtu kulipa leseni. Tusijifanye hatukuona.

Tatizo lake ni dhahiri. Kijana wa Kaloleni, kijana wa Mburahati na kijana wa Ubelgiji wote walifungua programu ileile, wakakuta ngoma zilezile na vibonye vilevile. Sauti ya mtu binafsi itatoka wapi hapo?

Historia ya vyombo hivi inatupa jibu la kwanza. Roland walipotengeneza TB-303 mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikusudia impe mpiga gitaa mazoezini mwenzake wa gitaa la besi. Ilishindwa vibaya, mlio wake haukufanana na besi hata kidogo, na uzalishaji ukasimamishwa. Mashine zikaangukia mikononi mwa vijana weusi wa Chicago kwa bei ya chee, wakazungusha vifundo vyake kwa namna ambayo wahandisi hawakuikusudia, na mwaka 1987 kundi la Phuture likatoa "Acid Tracks", lililozaa aina nzima ya muziki. Kwa hiyo chombo hakikuwapa sauti. Waliipata pale walipokataa kukitumia kama kilivyoelekezwa.

Arusha nayo ilikuwa na sababu zake za kukataa maelekezo. Katika miaka ya 1990 studio zenye nguvu zilikuwa Dar es Salaam: Master Jay, P-Funk Majani na Bongo Records yake, Miikka Mwamba aliyetoka Ufini. Redio binafsi zilianza huko baada ya soko la utangazaji kufunguliwa. Msanii wa Arusha alipanda basi kwenda kurekodi, akarudi na wimbo wenye sauti ya prodyuza wa Dar. Hata hivyo mji wetu ulikuwa na kitu kingine: watalii, mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda iliyokuwa hapa tangu miaka hiyo, na wageni waliopita na kanda, vitabu na vifaa. Na kijijini Imbaseni, chini ya Mlima Meru, Pete na Charlotte O'Neal, waliokuwa wanachama wa Black Panther huko Marekani, walijenga kituo cha jamii ambamo vijana wa rap walipata mahali pa kurekodi na pa kubishana. Ni ajabu kidogo kwamba mji ulioipa nchi Azimio la mwaka 1967 ndio uliopokea pia mabaki hai ya vuguvugu la Oakland na Kansas City, lakini hilo lina makala yake.

Kundi la X Plastaz lilianza hapa mwaka 1996. Wengi walikuwa ndugu wa damu, na kwa miaka kadhaa walirap kama wengine walivyorap. Kilichowatenga ni hatua ya kumchukua Yamat ole Meipuko, Mmaasai, aimbe kwa Kimaasai juu ya midundo yao. Albamu ya *Maasai Hip Hop* ilitolewa mwaka 2004 na Out Here Records ya Ujerumani, na jina la Arusha likasikika katika majukwaa ya Ulaya ambako hakuna aliyejua Kaloleni ni nini.

Msomaji asiyejua muziki anaweza kudhani hilo lilikuwa jambo jepesi: unachukua mdundo, unaweka Mmaasai juu. Lakini fikiri. Uimbaji wa Kimaasai kwa desturi hauna ngoma. Kiongozi, olaranyani, hutupa mstari. Kundi humjibu kwa mngurumo wa kifuani, na mapigo hutoka kwenye pumzi na kwenye miili inayoruka. Pumzi haigawanyiki katika visehemu 16 vilivyo sawa. Inarefuka mwimbaji akipata hamasa, inafupika akichoka. Ukimlazimisha aifuate mashine, unapata mtu anayehesabu, na uimbaji umekufa. Ukiilazimisha mashine imfuate, unabaki na mdundo unaopepesuka, ambao mchana watu hawataucheza. Kila prodyuza aliyejaribu mchanganyiko huo alipaswa kuamua ni wapi aikaze kamba na ni wapi ailegeze, na uamuzi huo ndio ninaouita sauti. Katika kitabu cha maelekezo haupo.

Wapo waliosema kwamba kumweka Mmaasai mwenye rubega jukwaani ilikuwa biashara ya utalii iliyoongezewa besi. Siidharau hoja hiyo. Ukiishi Arusha unaona kila siku jinsi Mmaasai anavyouzwa, kwenye kadi za posta na kwenye milango ya hoteli. Nami nakubali kwamba wazungu wengi walinunua vazi kabla ya kusikia wimbo. Lakini tofauti iko hapa: mlinzi aliyevishwa rubega getini hakuulizwa asemaje, na Yamat alikuwa mwanakundi, si pambo. Swali gumu zaidi ni la haki. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inazitaja sanaa za jadi, lakini bado sijaona ofisa aliyenieleza kwa ufasaha nani alipwe pale mwito wa rika zima unapokatwa, ukawekwa kwenye kibonye, na kurudiwa mara 40 ndani ya wimbo wa dakika nne.

Mimi mwenyewe nililijua jambo hili kabla ya kulisoma. Mwaka 2006, wakati wa mgawo mkali wa umeme, nilikuwa nikishinda katika studio ya chumba kimoja ya rafiki yangu, fundi ambaye sitamtaja jina. Ukutani kulikuwa na blanketi na trei za mayai. Alichukia kwamba kila studio mjini ilikuwa na teke lilelile la ngoma. Akanunua kengele ya mbuzi Soko la Kilombero, akaigonga mbele ya maikrofoni, akaikata, akaishusha mpaka ikawa nzito kama mlango wa ghala. Makofi hakuyaweka juu ya kibonye. Aliyasogeza nyuma kidogo, unywele mmoja tu, na alipoulizwa alisema watu wa mlimani hawaharakishi mguu wanaposhuka. Umeme ulikatika bila taarifa, kwa hiyo alizoea kutunga vipande vifupi na kuvihifadhi kila baada ya dakika chache, na ufupi ule ukawa tabia ya nyimbo zake hata umeme uliporudi. Mvua ikinyesha, bati lilipiga kelele na kazi ilisimama. Siku moja hakusimama. Mvua ile ipo kwenye wimbo, nyuma ya ubeti wa pili, na kila anayetoka Sakina au Ngarenaro akiusikia anajua uko wapi.

Baadaye kitovu kilihama tena. Wana wa Chuga, Nako 2 Nako na River Camp, ambao wengi wao tunawajua leo kama Weusi, waliteka nchi kwa kauli na lafudhi ya Arusha. Lakini mdundo wa "Nje ya Box" ni kazi ya Nahreel, na soko lilikuwa Dar. Nikki wa Pili akawa mkuu wa wilaya mwaka 2021, jambo ambalo lingewachekesha sana wazee wa jopo letu. Sauti ya kipekee iliyotikisa dunia kutoka Tanzania katika mwongo uliopita haikutoka mlimani: ilikuwa singeli, kutoka studio kama ya Sisso huko Mburahati, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikaikusanya katika *Sounds of Sisso*. Vijana wale pia walianza na programu za bei rahisi na vipande vya taarabu vilivyozungushwa mpaka vikapoteza adabu. Nawaonea wivu kwa jambo moja tu: kuna mtu aliyekusanya.

Mwanafunzi wangu alipokataliwa alielekezwa kwenye mada "yenye nyaraka", kesi ya ardhi ya Wameru. Ni mada tukufu, sina ugomvi nayo. Lakini nyaraka zile zipo kwa sababu watu walitolewa kwa nguvu katika mashamba yao Engare Nanyuki mwaka 1951, na Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952 na malalamiko yaliyoandikwa. Nyaraka hazikuota shambani. Kuna mtu aliyezibeba.

Faili la mradi wa sikwensa ni waraka kamili kuliko wimbo wenyewe. Linaonyesha kila pigo liliwekwa wapi, lipi lilisogezwa, lipi liliwekwa likazimwa. Lakini lina udhaifu: kwa kawaida halibebi milio ndani yake, linakumbuka tu mahali ilipohifadhiwa. Rafiki yangu yule alinikabidhi mwezi uliopita diski ya kompyuta yake ya zamani. Tuliyafungua baadhi ya mafaili. Vibonye viliwaka kwa mfuatano, kushoto kwenda kulia, mguu umechelewa kama zamani, na hakuna kilichosikika. Kengele ya mbuzi ilikuwa kwenye diski nyingine, na diski hiyo aliiuza pamoja na kompyuta mwaka 2011.

Anamkumbuka aliyeinunua, ana duka la kuchapa barua karibu na stendi. Mwanafunzi wangu, ambaye sasa ana shahada yake ya ardhi ya Wameru, amekubali twende naye Jumamosi.