Lakabu si jina bandia

Kanuni za mitandao zinapotafsiriwa kwa Kiswahili, mtu asiyetumia jina la kwenye kitambulisho huambiwa anatumia "jina bandia". Neno hilo linanikera. Bandia ni noti isiyonunua kitu, ni dawa isiyotibu, ni cheti cha kughushi. Ukimwita mtu hivyo umeshamfanya tapeli kabla hujasoma alichoandika. Na neno linalofaa tunalo siku nyingi: lakabu.

Limetoka kwenye Kiarabu. Kwetu ni jina ambalo mtu hupewa au hujipa juu ya lile la wazazi, na washairi wa magazetini wanalijua vizuri. Amiri Andanenga alijulikana kwa lakabu ya Sauti ya Kiza. Lakabu ya namna hiyo humbana mwenyewe: akitunga vizuri sifa ni zake, akiboronga aibu ni yake, na anayetaka kumjibu anajua pa kuelekeza beti zake. Barua isiyo na jina haina wa kuulizwa kesho. Ndiyo maana sikubali lakabu iwekwe fungu moja na kutojulikana kabisa.

"Jina halisi" nalo lina matatizo yake. Mtaani kwetu yupo Mama Neema. Sokoni ni Mama Neema, kwenye kikoba ni Mama Neema, na msiba ukitokea wapishi watamtafuta kwa jina hilohilo. Kitambulisho chake kina majina matatu ambayo sijawahi kusikia mtu akiyatamka. Sasa halisi ni lipi? Kinachodaiwa na sheria zinazotaka "jina halisi" ni jina la kitambulisho, na afadhali tuliite hivyo.

Korea Kusini walilidai kweli. Kuanzia 2007, tovuti kubwa zilitakiwa kumhakiki mtu kabla hajaandika maoni, na njia iliyozoeleka ilikuwa namba yake ya usajili wa raia. Taarifa kama hizo zikarundikana mahali pamoja. Julai 2011 wadukuzi waliingia kwenye mitandao ya Nate na Cyworld wakachota taarifa za watu wapatao milioni 35, katika nchi ya watu milioni 50 hivi. Agosti 2012 majaji wa Mahakama ya Katiba, kwa kauli moja, waliifuta sheria hiyo. Matusi ambayo sheria ilikusudia kuyazuia hayakuwa yamepungua kwa kiasi cha kuonekana, na watu walikuwa wamehamia tovuti za nje.

Hapa ndipo neno faragha linapohitaji kuelezwa, maana wengi hulisikia kama siri. Mgonjwa anapoomba kuongea na daktari faragha, hakatai kujulikana na daktari. Anakataa kusikiwa na foleni. Lakabu hufanya kazi hiyohiyo. Tanzania, laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 2020, kwa hiyo kampuni ya simu inakujua hata ukijiita Simba wa Nyika. Lakini muuguzi wa wilayani anayeandika kwamba glavu zimekwisha wodi ya wazazi, na wajawazito wanaambiwa waje nazo, hajifichi kwa kampuni ya simu. Anajificha kwa bosi wake wa kesho asubuhi. Mvue lakabu, na habari ya glavu haitaandikwa.

Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, jukwaa la mtandaoni ambako wengi huandika kwa lakabu, alikamatwa Desemba 2016 na kushtakiwa kwa kuzuia uchunguzi, kwa kuwa hakuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Aprili 2020 mahakama ya Dar es Salaam ilimtia hatiani katika mojawapo ya mashtaka hayo: faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Mimi naona alikuwa akilinda watu wa aina ya yule muuguzi.

Kwa hiyo ninapotafsiri, penye jina alilojichagulia mtu naandika lakabu, na penye matakwa ya sheria naandika jina la kitambulisho. "Bandia" silitupi. Namwekea yule anayefungua akaunti kwa jina na picha ya mbunge aliyepo, kisha akaanza kuwaomba wapiga kura wamtumie pesa kwa simu.