Mama yuko wapi? Swali la 1985 lililogeuza sera za uzazi

Ukifika kliniki ya mama na mtoto, hebu hesabu: huduma ngapi pale ni za mama mwenyewe? Mwaka 1985 Allan Rosenfield na Deborah Maine wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, waliuliza swali la namna hiyo katika jarida la The Lancet. Chanjo, kupima uzito, lishe: karibu kila kitu kilimlenga mtoto. Wakati huo wanawake wapatao 500,000 walikadiriwa kufa kila mwaka kutokana na ujauzito na uzazi. Yaani karibu mmoja kila dakika.

Februari 1987 mkutano wa kimataifa jijini Nairobi ukazindua mpango wa Uzazi Salama. Lengo: kupunguza vifo hivyo kwa nusu ifikapo 2000.

Lengo halikufikiwa. Kwa nini? Nchi nyingi zilishika njia mbili zilizoonekana nafuu: kuwafundisha wakunga wa jadi, na kuwachuja wajawazito ili kujua nani yuko hatarini. Shida ni kwamba kuvuja damu baada ya kujifungua hakubishi hodi. Hata mama aliyeambiwa kliniki kwamba yuko salama anaweza kupatwa. Na mkunga wa jadi, hata akiitambua hatari mapema, hana damu ya kumwongezea mama wala chumba cha upasuaji.

Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Maine walieleza kwamba mama hucheleweshwa mara tatu: kuamua kutafuta msaada, kufika hospitali, na kupata matibabu akishafika. Basi sera ikaanza kuuliza mambo mengine: usafiri upo? Daktari yupo usiku? Damu ipo?

Ndiyo maana kufuta ada peke yake hakutoshi. Kenya ilifuta ada za kujifungua katika hospitali za umma tarehe 1 Juni 2013, na hilo lilipunguza kikwazo cha mlangoni. Lakini barabara mbovu na friji ya damu iliyo tupu haziondoki kwa tangazo.

Mwaka 2023 vifo vilikadiriwa kuwa 260,000 hivi duniani. Vimepungua sana, ila bado ni zaidi ya 700 kwa siku. Kwa hiyo ukisikia ahadi mpya ya afya ya uzazi, iulize: inaondoa ucheleweshaji upi kati ya ile mitatu?