Nguo za Vijana Katika Maonyesho: Hakimu Hutazama Nini?

Wengi wetu tukisikia maonyesho ya kilimo hufikiria ng'ombe na mahindi. Kule Marekani, ambako vyama vya vijana vilivyokuja kuitwa 4-H vilianzia Ohio mwaka 1902, banda la ushonaji lina watu wake. Mtoto huanza na aproni au sketi ya lastiki, hadi afikie koti lenye bitana.

Mimi ninachokipenda ni ukaguzi. Nguo hugeuzwa ndani nje. Je, mshono umenyooka? Kingo zimezibwa zisifumuke? Upindo umelala, na mistari ya kitambaa imekutana ubavuni? Mafundi wetu wengi wangekwama hapo, maana mteja hutazama nje tu. Tena katika maonyesho mengi ya huko mtoto hashindanishwi na mwenzake, kazi hupimwa kwa kiwango: utepe wa buluu ni bora, mwekundu ni nzuri, mweupe bado ina kasoro. Mara nyingi hakimu humweleza mtoto sababu ana kwa ana.

Sisi tuna 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, iliyofufuliwa 2021. Lakini mazungumzo yake ni sukuma na kuku. Mbona Mkomani pasiwe na meza ya vijana wanaoshona kofia za vito za Lamu? Kofia moja hula wiki nyingi za sindano, kisha mnunuzi akataja bei ya kofia ya mashine. Kijana aliyeelezwa na hakimu ubora wa kazi yake atakuwa na la kumjibu.