Maisha ya Kurasa Nane

Ingia saiba yoyote ya Embu au Meru mjini jioni ya Jumatano, utakuta familia imejazana nyuma ya kompyuta moja. Wanaandaa programu ya mazishi. Jamaa wa saiba haanzi upya. Anafungua faili ya marehemu wa wiki iliyopita, anaihifadhi kwa jina jipya, kisha anaanza kufuta.

Enzi za siklostaili, kila marehemu alichapiwa stensili yake kwa taipureta, na ikichakaa ikatupwa. Mwaka 1985 kampuni ya Aldus, Marekani, ikatoa PageMaker. Ilikuwa na kurasa-mama: unaweka ua na nambari mara moja tu, zinajitokeza kila ukurasa. Mwaka 1991 ikaja Microsoft Publisher, na hiyo ndiyo niliyoikuta saiba zetu.

Hesabu ya karatasi nayo ina masharti yake. A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne, kwa hivyo kijitabu ni nane, au kumi na mbili, basi. Ukurasa wa kwanza unachapwa ubavuni mwa wa nane, wa pili na wa saba. Kiolezo kimeshapanga yote hayo. Kimepanga pia maisha: kuzaliwa, elimu, ndoa, kazi, kuugua. Nyanya ambaye hakukanyaga darasa anakufa na kichwa cha "Elimu" kikimsubiri. Wengine hukifuta, wengine huandika tu kwamba alisomesha watoto.

Lakini hapo kwa ndoa ndipo moto huwaka. Kiolezo cha kawaida kina nafasi ya mke mmoja. Mzee alikuwa na wawili, sasa? Usidhani wanagombania picha. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika 1981, inamtambua mke wa ndoa ya kimila hata kama marehemu alikuwa na mwingine, na programu za mazishi hufikishwa mahakamani kama ushahidi wa nani alikuwa nani. Kisanduku kisichokuwepo Jumatano kinaweza kuja kuulizwa miaka kumi baadaye, shamba la miraa au la kahawa likiwa mezani.

Kuna faili moja Embu nimeitumia yenye visanduku viwili vya mke. Ilibaki hivyo baada ya familia fulani kubishana hadi saa nne usiku. Siku hizi mwenye mke mmoja ndiye anayeomba kimoja kifutwe.