Sungura katika sikio la Mandela

SANAMU ya shaba ya Nelson Mandela, yenye kimo cha mita 9, ilizinduliwa Desemba 16, 2013 katika bustani za Union Buildings, Pretoria, zilizoko ofisi za Rais wa Afrika Kusini. Ilisimamishwa mahali pa sanamu ya aliyekuwa Waziri Mkuu, J.B.M. Hertzog, iliyohamishiwa sehemu nyingine ya bustani hizo.

Waundaji wake, André Prinsloo na Ruhan Janse van Vuuren, walinyimwa idhini ya kutia sahihi zao kwenye suruali ya sanamu. Badala yake, walificha sungura mdogo wa shaba ndani ya sikio la kulia. Siri ilipofichuka Januari 2014, serikali iliona kuwa heshima ya Mandela imevunjwa, ikataka sungura aondolewe. Wasanii hao waliomba radhi. Kwa Kiafrikaans, neno “haas” ni sungura, tena ni haraka; nao walikuwa wamefanya kazi hiyo mbiombio.